King'ora Bubu

King'ora bubu kilipowashwa mara ya kwanza juu ya paa la Mnara wa Jabali Kuu, hakuna mtu aliyesikia kitu. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake. Watu walisimama wametega masikio, wakatazamana, na mama mmoja akaanza kucheka kwa aibu. Kisha pimbi wakaanza kukimbia. Walitoka chini ya vioo vya sola, walitoka kwenye matuta ya mchicha, walitoka hata ndani ya sanduku la nyaya ambalo fundi aliapa kuwa amelifunga. Vinyama vinene visivyo na mkia, rangi ya vumbi, viliruka ukingo hadi ukingo na kuporomoka kwenye majabali kuelekea ziwani. Chai haijapoa, paa lilikuwa tupu.

"Loo!" alisema Mzee Bugumba, mwenyekiti wa mtaa. "Mhandisi, hiki chombo chako kinawaambia nini hao?"

"Kinawapigia kelele, mzee," alijibu Minza Luhende, mhandisi wa sauti aliyekibuni. "Ila ni kelele nyembamba mno. Sauti ni mtetemo wa hewa. Hewa ikitetema polepole unasikia ngoma, ikitetema haraka unasikia filimbi. Ikizidi hapo, sikio la mtu halifiki tena, lakini la mnyama linafika."

"Kwa hiyo sasa hivi kinalia?"

"Kinalia vibaya sana."

Mzee Bugumba alitikisa kichwa, akacheka mpaka kofia ikamwanguka.

Mtu asidhani watu wa Mwanza walikuwa na chuki na pimbi. Zamani pimbi walikaa kwenye majabali yao, watu wakakaa bondeni, kila mmoja na shughuli zake. Ni sisi tulioanza kupanda. Roboti waashi walipoletwa, wale wenye mikono sita na meno ya almasi, mji ulikwea mawe mpaka kileleni, na kila jabali lililochongwa liliacha lundo la vifusi. Sasa pimbi anataka nini duniani? Anataka mwanya kati ya mawe, jani la kula, na mahali pa kuota jua. Tulimwekea vifusi vyenye mianya kila kona ya mji. Tukapanda mboga juu ya mapaa, kwa sababu bondeni hapakuwa na shamba tena. Halafu tukamtandikia vioo vya sola, vya moto, vimeinama vizuri kulielekea jua. Angekataa vipi? Alihama na ukoo wake mzima, akaanza kuzaa ghorofani, na watu wakaja juu kulalamika kuwa wamevamiwa.

Malalamiko yenyewe yalikuwa ya kweli. Pimbi ana desturi ya kukojoa mahali pamoja, yeye na nduguze wote, na mkojo wake ukikauka unakuwa gamba jeupe kama chokaa. Vioo viliingia ukungu, taa za ngazi zikawa zinafifia. Mchicha uliliwa ungali mche. Serikali ya mtaa ilinunua tai wa bati, droni wenye mabawa na macho mekundu, wawe wanazunguka juu ya mapaa kuwatisha. Wiki haikuisha, pimbi wakawa wanalala kwenye kivuli cha tai.

Ndiyo maana Minza alikipa king'ora chake akili mnemba. Kililia mchana tu, pimbi wanapoota jua. Kilikuwa na macho ya kuwatazama, na kila walipozoea sauti moja, chenyewe kilitafuta nyingine inayowaudhi zaidi. "Wao wanajifunza," alipenda kusema, "na hiki kinajifunza." Kilianzia juu kabisa, mitetemo elfu thelathini kwa sekunde, na kiliruhusiwa kushuka au kuongeza nguvu kadiri kilivyoona inafaa. Kilikatazwa jambo moja tu, kushuka mpaka pale watu wanaposikia.

Pale ni wapi? Taratibu zilitaka wapimwe wakazi wenyewe, na walipimwa siku ile ile ya uzinduzi. Lakini Jabali Kuu ni mtaa wa watu waliolelewa vizuri. Hakuna kikao kinachoanza kabla Mzee Bugumba hajasimama na kusema, "Watoto, nendeni mkacheze, wakubwa wanazungumza." Na siku hiyo alisema. Watoto wakashuka ngazi kwa vishindo. Nyamizi, binti wa pekee wa Minza, alibaki nyuma ameshika gauni la mama yake.

"Mama, nataka kuiona mashine yako."

"Umemsikia mwenyekiti, mwanangu. Usinitie aibu mbele ya watu. Shuka."

Nyamizi akashuka. Wakabaki wajumbe, wazee wa ukoo, mafundi waliozeekea kwenye machimbo ya mawe, na Minza mwenyewe ambaye ujana wake wote ulipita kando ya roboti wakichonga. Sauti ikateremshwa kidogo kidogo, na mkono wa kwanza ukanyooshwa ilipofika elfu kumi na nne. Minza akaweka kikomo elfu kumi na tano. Mwenyekiti akaidhinisha kwa kubonyeza dole gumba kwenye kioo, maandazi yakaletwa.

Minza alikuwa amesoma, jamani. Alijua kuwa sikio la mtoto linafika juu kuliko la mtu mzima, jambo hilo lipo kwenye masomo ya mwaka wa kwanza. Lakini siku hiyo king'ora kilikuwa kinalia huko elfu thelathini, mbali kabisa, na kikomo kilionekana ni jambo la kukamilisha taratibu tu. Nani angefikiri kitashuka mpaka huku?

Mtaa ulimshukuru. Ulimpa nyumba ya ghorofa ya juu kabisa, yenye baraza inayotazama ziwa, paa na king'ora chake vikiwa juu tu ya chumba cha Nyamizi. Mchicha ukastawi, vioo vikang'aa, mitaa mingine ikaagiza ving'ora vyake. Minza alikuwa na furaha, na alistahili.

Pimbi walianza kurudi mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa dume zee lenye sikio lililochanika, ambalo watu walilipa jina la Mheshimiwa kwa jinsi lilivyokaa. Lilipanda, likajilaza kwenye kioo chenye joto, likafumba macho. King'ora kikabadilisha sauti. Mheshimiwa akashuka, akarudi na wake zake. King'ora kikabadilisha tena, kikaongeza nguvu. Kila kilipofanya hivyo simu ya Minza ilimpa taarifa, naye alitingisha kichwa kwa kuridhika, maana mashine ilikuwa inafanya kazi yake.

Wakati huo ndipo Nyamizi alipoanza kuumwa kichwa. Kilimuuma kila asubuhi, na jua likizama kinapona. Alitapika chai. Alikataa kukaa barazani. Zahanati walimchunguza wasione kitu, na Minza akamtazama mwanawe kwa jicho la kumjua.

"Huu ugonjwa wako una saa? Kengele ya shule ikilia unaumwa, wenzio wakirudi umepona?"

"Kuna kitu kinalia, mama."

"Wapi?"

Mtoto alionyesha kichwa chake. Angeweza kuonyesha juu, kwenye dari. Lakini kule juu kulikuwa na kitu cha mama, kitu ambacho wageni walikuja kukipiga picha, na Nyamizi alikuwa mtoto mwenye adabu.

"Kunywa maji, uvae viatu," alisema Minza.

Shuleni nako mwalimu alilalamika kuwa darasa zima limekuwa la ugomvi na machozi. Wazazi walikubaliana kuwa watoto wa siku hizi wamedekezwa. Na kusema kweli mambo yalitulia yenyewe, angalau ghorofa ya juu. Miezi ikapita na Nyamizi akaacha kulalamika. Akaamka, akanywa chai, akaenda shule. Ilibidi kumwita mara mbili ndipo ageuke, lakini ni mtoto gani asiyeitwa mara mbili? Minza alimshukuru Mungu. "Amezoea," aliwaambia majirani.

Likizo ilipofika, Milembe, mdogo wake Minza, alivuka kutoka Sengerema na mwanawe Shija, rika moja na Nyamizi. Walipanda lifti wakicheka. Mlango ulipofunguka ghorofa ya juu, Shija aliziba masikio kwa viganja viwili, akachuchumaa, akapiga ukelele.

"Izimeni! Mama mkubwa, izime!"

"Nizime nini, mwanangu?" Minza aliinama. "Una nini?"

"Hiyo inayolia! Izime!"

"Shija, acha vituko," Milembe alimwambia, amefedheheka. "Dada, nisamehe, sijui kapatwa na nini. Mbona hakuna kinacholia hapa?" Lakini mtoto alikuwa anatetemeka, na matapishi yakamtoka kwenye zulia.

Nyamizi alikuwa kwenye kochi anakula pera. Alimtazama binamu yake kwa huruma.

"Utazoea," alimwambia. "Hata mimi ilinisumbua, nikazoea."

Minza alipanda mbio ngazi ya paa. Kwenye kioo cha king'ora namba ilisomeka elfu kumi na sita, na mshale wa nguvu ulikuwa umesimama mwisho kabisa. Mashine haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa imetii kikomo alichoiwekea. Mheshimiwa alikuwa amejilaza juu ya boksi lenyewe, tumbo juani.

Akakizima.

"Imenyamaza!" sauti ya Shija ilitoka chini.

Akakiwasha, mara moja tu, ili asije akajidanganya. Ukelele ukapanda ngazi. Akakizima tena, akang'oa waya kabisa, akakaa kwenye tuta la mchicha na viatu vyake. Alikuwa na hofu, na chini ya hofu kulikuwa na aibu iliyomchoma zaidi, kwa sababu mtoto alimwambia. Alimwambia kwa mdomo wake, naye akamjibu avae viatu.

Ndipo akasikia jambo. Kutoka ghorofa za chini zilianza kupanda kelele za watoto wanaocheza. Mpira uligonga ukuta. Msichana alikuwa anahesabu kwa kuimba. Ilikuwa miezi mtaa haujapiga kelele namna hiyo, na hakuna mtu mzima aliyeuliza kwa nini.

Mzee Bugumba alipanda akihema.

"Mhandisi, nasikia umezima. Pimbi watarudi!"

"Shikamoo, mzee. Warudi."

"Marahaba. Na mchicha?"

"Waule, mzee. Waule wote, wakimaliza nitawapandia mwingine." Akalia hapo hapo mbele yake, bila kujificha. Alipomweleza, mzee alivua kofia. Alikuwa na wajukuu chungu nzima ghorofa ya nne.

"Mimi ndiye niliyewafukuza," alisema. "Nilisema wakacheze."

"Mimi nilimshusha wangu kwa mkono wangu."

Siku ya kikao, Jabali Kuu lilijaa paa zima. Mitaa mingine ilikuwa inasubiri kuambiwa nini cha kufanya na ving'ora vyake, na ilibidi kwanza ijulikane watoto wanasikia wapi. Mzee Bugumba alisimama kama kawaida yake, akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akasema, "Watoto, sogeeni mbele. Leo wakubwa ndio watakaonyamaza."

Wakaja wakisukumana, wakakaa mstari wa mbele. Nyamizi alikaa katikati, kifua mbele, kwa sababu mashine ilikuwa ya mama yake na safari hii hakuambiwa ashuke. Minza alikuwa amepunguza nguvu mpaka chini kabisa, sauti isiyoweza kumuumiza mtu, ya kitambo kidogo tu.

"Ukisikia, nyoosha mkono," aliwaambia. "Isipolia, shusha. Msiogope."

Akaanza juu, akateremka. Elfu ishirini, hakuna mkono. Chini ya hapo kidogo, mkono wa Shija ukaruka. Ukafuata mwingine, ukafuata mwingine, halafu mstari mzima ukawa msitu wa mikono midogo, na wazazi nyuma wakaguna kwa pamoja, maana wao walikuwa hawasikii kitu. Mama mmoja alisema, "Mungu wangu, wote?" Juu ya kioo cha sola Mheshimiwa hakuinua hata kichwa.

Nyamizi alitazama kushoto, akatazama kulia, akanyoosha mkono.

Minza aliona jinsi alivyotazama wenzake kwanza. Akajiambia kuwa hakuona. Akaweka kidole kwenye kitufe, akazima sauti, na mikono yote ikashuka.

Mkono wa Nyamizi ulibaki juu.

Alikuwa anamtazama mama yake usoni, anatabasamu, anasubiri kusifiwa. "Nasikia, mama," alisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. "Bado nasikia."