Sufuria Juu ya Oveni

Nawaandikia ninyi wenzangu wa Ng'ambo na Ipuli, hapa Tabora, na yeyote mwingine mwenye simu mkononi na haraka kichwani. Sitawabembeleza. Jirani yangu Saleha amenipa ruhusa kuyasema haya. Mumewe, Ghalibu, hakunipa, nami sikumwomba.

Mpaka Novemba ya mwaka jana nyumba ile ilikuwa na raha zake. Saa kumi jioni, ukitoka kazini, harufu ya mikate ya Saleha ilikupokea tangu kona ya fundi baiskeli. Watoto wangu walikwenda dirishani kwake kuomba mikate iliyoungua pembeni, na hawakurudi mikono mitupu. Ghalibu alikaa barazani na kahawa yake, akimsimulia kila apitaye habari za babu yake aliyekuwa akipeleka asali Ujiji na kurudi na chumvi ya Uvinza. Hadithi hiyo nimeisikia mpaka naijua kuliko yeye.

Kisha oveni ikafa. Ilitoa cheche, ikanyamaza, na fundi akasema vipuri vyake havipatikani tena. Wakati huo Saleha alikuwa ameshapata kazi ya kupeleka mikate kwenye shule moja ya bweni, kuanzia Januari, mwaka mzima. Kazi hiyo aliifuatilia miaka mitatu. Bila oveni, hana kazi.

Oveni mpya bei yake haishikiki. Saleha akavua bangili zake nne za dhahabu, alizoachiwa na mama yake, akazipeleka kwa sonara. Fedha yote akampa mumewe atafute oveni iliyotumika, kwa kuwa nyumbani kwao mwenye kujua biashara ni yeye.

Ghalibu akaingia kwenye kundi la mtandaoni la vitu vilivyotumika. Siku ya pili akaja na picha: oveni ya umeme, trei sita, bei nusu.

"Na mwenyewe si mtu wa kuokota," akatuambia. "Ni Mundhir, mjukuu wa Mzee Nassibu wa Ujiji, yule aliyekuwa akipokea asali ya babu. Kanitajia mpaka chumvi ya Uvinza! Yuko Dar, anahama nyumba, anauza vitu vyake."

Saleha akaichukua simu, akaikuza picha kwa vidole. "Baba Ruaa, hii soketi ukutani mbona ina matundu mawili ya duara? Umeiona wapi hapa kwetu?"

"Unanunua oveni au soketi?"

Saleha akanipa mimi simu. Nina stashahada ya ugavi na kazi yangu ni kupokea bidhaa stoo. Sisaini kitu ambacho sijakishika. Nikasema, "Shemeji, mwambie aweke sufuria juu ya hiyo oveni, mdomo chini, apige picha sasa hivi. Mwenye oveni hilo halimchukui dakika mbili. Asiye nayo atakuletea maneno."

Ghalibu alinitazama kana kwamba nimetema mate kwenye kahawa yake.

"Nimwambie mjukuu wa Mzee Nassibu anigeuzie sufuria? Mama Shigela, huko stoo kwenu mnahesabiana misumari. Kwetu mzigo ulitoka Tabora ukafika Ujiji kwa neno la mtu. Ukimwomba mtu ushahidi, umemwita mwizi."

"Basi mwite mwizi," Saleha akasema. "Akiwa si mwizi, tutamwomba radhi."

"Nyamaza! Umenipa kazi, niache niifanye. Nawe Mama Shigela, ya nyumba yangu niachie mwenyewe. Kwako hakuna kazi?"

Nikaondoka. Mpaka leo najilaumu kwamba niliondoka haraka hivyo.

Asubuhi Ghalibu akaenda benki. Yaliyotokea huko aliyasimulia mwenyewe baadaye, kiburi kilipomwisha.

"Shikamoo, baba," binti wa dirishani alimwambia. "Akaunti hii inasoma jina la Zuwena, wewe umeandika Mundhir. Unamfahamu huyu anayepokea?"

Ghalibu akapiga simu palepale. Mundhir akacheka. "Huyo ni mke wangu, kaka. Akaunti yangu ina matatizo kidogo. Lakini fanya haraka, kuna mtu wa Morogoro yuko njiani na fedha taslimu. Mimi nataka iende kwa mtu wa nyumbani."

Binti hakuridhika. "Baba, hiyo oveni umeiona kwa macho yako?"

"Binti, mimi nimeanza biashara kabla hujazaliwa. Fanya kazi yako."

Akaifanya. Bangili nne za mama yake Saleha zikaondoka kabla ya saa nne asubuhi.

Mchana ikaja picha ya stakabadhi ya mzigo wa treni. Siku ya pili ukaja ujumbe kwamba mzigo umezuiliwa, inatakiwa bima. Ghalibu akatuma fedha ya matumizi ya nyumbani bila kumwambia mtu. Siku ya treni akavaa kanzu safi, akakodi guta la kubebea mizigo, akaenda stesheni. Karani wa vifurushi akaitazama ile picha mara moja tu.

"Mzee, hii si stakabadhi yetu."

Ghalibu hakukubali. Akasubiri mpaka mzigo wa mwisho ukashushwa na treni ikaondoka. Mwenye guta akamuuliza, "Mzee wangu, sasa tunapakia nini?" Simu ya Mundhir ilikuwa haipatikani.

Mnadhani alikimbilia benki? Polisi? Alirudi nyumbani akasema treni imechelewa. Siku nne, ndugu zangu, treni ilichelewa siku nne! Siku ya tano Saleha akaenda stesheni mwenyewe. Aliporudi nilisikia kila kitu, maana ukuta wetu ni mmoja.

"Treni gani hiyo, Ghalibu?" Siku hiyo hakumwita Baba Ruaa. "Niambie, treni gani isiyofika?"

"Alijua habari za babu! Alijua asali, alijua chumvi, alijua Mzee Nassibu! Ningejuaje mimi?"

Saleha alikuwa ameichukua simu ya mumewe na kurudi nyuma kwenye lile kundi, siku ya kwanza kabisa. Kisha akasoma kwa sauti, mtaa ukasikia: "Natafuta oveni iliyotumika. Mimi ni Ghalibu wa Ng'ambo, Tabora. Babu yangu alikuwa akimpelekea asali Mzee Nassibu wa Ujiji na kurudi na chumvi ya Uvinza. Sisi ni watu wa neno."

Mundhir alimtafuta saa mbili baada ya maneno hayo.

"Hakukujua," Saleha akasema. "Ulimfundisha."

Benki waliwaambia akaunti ile ilikombwa jioni ya siku ile ya treni. "Mngekuja saa ileile, huenda tungewahi kuizuia." Polisi walifungua jalada, hadi leo hakuna habari. Januari shule ikampa kazi mwokaji mwingine, wa Ipuli. Saleha sasa anakaanga maandazi kwa mkaa na kuyauza kwenye dirisha lilelile, mikono mitupu bila bangili. Ghalibu anawekewa chakula na kujibiwa salamu, basi. Baraza haina mtu.

Mwezi uliopita Ghalibu alipata tangazo la oveni ndogo, iko Nzega. Safari hii alimwomba muuzaji aweke sufuria juu yake. Yule mtu akafoka: "Unaniona mimi mwizi?" Ghalibu akamjibu, "Sijui. Ndiyo maana naomba." Baada ya dakika tano picha ikaja, sufuria nyeusi ya ugali, mdomo chini. Akampelekea mkewe.

"Nenda ukaishike," Saleha akasema, bila kuinua macho kwenye karai. "Ukirudi ndipo tuzungumze."

Alipanda basi, akaenda, akaishika, akaiwasha, ikawaka. Akarudi jioni akamwambia oveni ipo kweli.

Oveni ipo. Fedha haipo.

Funzo

Usilipie kitu ambacho hujakiona wewe wala mtu wako unayemwamini. Kikiwa mbali, tafuta ndugu wa huko akakishike, na fedha itoke akiwa amesimama mbele yake. Jina la akaunti likitofautiana na jina la muuzaji, funga pochi urudi nyumbani. Usikubali habari za mke wala shemeji. Wewe uliye dirishani benki, ukiulizwa swali, shukuru, usifoke. Mtu akijua mambo ya ukoo wenu, jiulize kwanza nani aliyatangaza. Na ukishaibiwa, kimbia benki na polisi saa hiyohiyo. Aibu ya Ghalibu ilimpa mwizi siku tano za bure.

Wala msiogope kumuudhi muuzaji. Mkweli atakasirika dakika tano, kisha atatuma picha. Mwizi atakasirika mpaka ulipe.