Pamba Iliyobaki Mfukoni

Kila alasiri, akitoka shule, Cheche alipitia karakana ya shangazi yake. Shangazi alikuwa fundi wa madirisha ya alumini, yale ya kuteleza, na kazi ya Cheche ilikuwa kufagia chenga sakafuni. Alifagia kama mtu anayefukuza kuku. Jina la Cheche alipewa na wenzake darasani, kwa sababu wakati wao wanafungua daftari, yeye keshamaliza hesabu zote, na nyingine keshazikosea.

"Shangazi, klabu yetu ya sayansi inataka reli!" alisema siku hiyo, hata hajaweka mkoba chini.

"Salamu umeiacha shuleni? Na hilo treni mtalipata wapi?"

"Shikamoo, shangazi. Si ya treni! Ni ya kurushia roketi zetu ndogo. Roketi ina vishikizo viwili vya plastiki, kama vifungo vya shati. Vinateleza kwenye mfereji wa reli, ndipo roketi inaondoka imenyooka. Mwalimu anasema ya dukani sisi tutaishia kuitazama tu."

Shangazi alicheka, akaenda kwenye kona ya mabaki. Akachomoa vipande viwili vya fremu ya dirisha, kila kimoja na mfereji wake. Hakuna kilichotosha peke yake, basi akaviunga kwa bati na skrubu vikawa reli moja ndefu.

"Mimi nimeunga, wewe utasafisha," alisema. "Msumeno ukikata alumini huacha meno madogo. Huyaoni, lakini yanauma. Piga tupa ndani ya mfereji, hapa kwenye maungio, kisha vuta pamba ipite. Ikiacha unyuzi hata mmoja, rudia. Dirisha haliondoki hapa bila kupitishwa pamba."

Cheche alishika tupa. Nje ya reli alisugua mpaka ungeweza kuhesabu meno yako humo. Ndani ya mfereji ndiko kulikokuwa na kazi. Tupa iliingia kwa shida, vidole vikauma, na huko nje wenzake walikuwa wanaruka kamba na kumwita.

"Umepitisha pamba?" shangazi aliuliza, skrubu zikiwa mdomoni.

"Nimepitisha, shangazi!"

Pamba ilikuwa mfukoni, nyeupe pe, haijui mfereji unafananaje.

Siku ya majaribio, klabu nzima ilikusanyika uwanjani, nyuma ya kamba ya usalama. Wa kwanza kurusha alikuwa Kinyonga, rafiki yake Cheche. Huyu naye aliitwa hivyo kwa mwendo wake. Kalamu yenyewe aliichonga kama anayetahiniwa. Roketi yake ya rangi ya manjano aliianza pamoja na baba yake, kabla baba hajaenda kufanya kazi mbali. Mabawa aliyakata baba. Mwamvuli wa kuishusha ulitokana na kitambaa cha mwamvuli mkuukuu aliouacha nyumbani. Jioni ile Kinyonga angempigia simu amsimulie ilivyoruka.

Mwalimu alibonyeza swichi. Roketi ikafoka, ikapanda hadi katikati ya reli, ikakwama kidogo tu, kama mtu aliyejikwaa. Kishikizo kikang'oka. Roketi ikalala upande, ikaambaa juu ya nyasi, ikajipigiza kwenye ukuta. Hakuna aliyeumia. Lakini yale mabawa ya baba yalikuwa vijiti.

"Kinyonga, umeunda roketi au panya?" mmoja alipiga kelele, wengine wakaangua kicheko.

Mwalimu aliokota kishikizo. "Inaonekana gundi haikushika."

"Labda sikuiacha ikauke," Kinyonga alisema polepole, akiangalia chini.

Yeye! Aliyengoja gundi ikauke mpaka mama yake akauliza kama anaatamia mayai! Cheche alijua kilichoikwamisha. Mkono wake uliingia mfukoni, ukakutana na pamba. Alifungua mdomo. Akaufunga. Ajabu ya ulimi ule, uliozoea kufika kabla ya kuitwa, siku hiyo ulichelewa.

Jioni alirudi na reli karakana, akapiga tupa ndani ya maungio mpaka pamba ikapita bila kuacha kitu. Alidhani anatengeneza. Kumbe anaharibu zaidi. Maana majaribio yaliyofuata, roketi yake mwenyewe iliteleza relini na kupaa mpaka ikawa nukta.

"Mnaona?" wenzake walisema. "Reli haina neno. Ni gundi ya Kinyonga tu!"

Kinyonga alipiga makofi pamoja nao. Kisha akamvuta Cheche pembeni.

"Nifundishe kupaka gundi kama wewe," alinong'ona. "Baba nilimwambia mimi ndiye niliyeharibu."

Hapo Cheche alishindwa. Machozi yalimtoka kabla ya maneno. "Si gundi. Ni reli. Sikupitisha pamba. Halafu nikaisafisha kimyakimya."

Kinyonga aliuachia mkono wake.

"Siku ile ungeniambia, ningekasirika tu, yakaisha," alisema. "Sasa siku zote hizi nimejiita mjinga, na wewe unanitazama."

Cheche alikwenda kwa mwalimu, akasema yote mbele ya klabu. Siku hiyo hakuna aliyecheka. Jioni Kinyonga alimpigia tena baba yake, naye baba akamwelekeza kwa simu namna ya kukata mabawa mapya. Hayakuwa yale, ila yalikuwa mabawa.

Kabla ya kurusha tena, wote wawili walikuwa karakana. Cheche aliinamia reli, akasugua, akapitisha.

"Tayari," alisema. "Nimepitisha pamba."

Kinyonga alinyoosha mkono. "Lete niione."

Aliigeuzageuza, kisha akachukua nyingine, akaivuta mwenyewe. Uwanjani, roketi ya manjano ilipaa vizuri mno, na kitambaa cha mwamvuli kikafunguka juu kama ua. Kinyonga alicheka kwa furaha, lakini aliyemgeukia akicheka alikuwa mwalimu, si Cheche.

Cheche alirudi kwa shangazi akiwa mnyonge, akamwungamia yote, hata uongo wa pamba.

"Reli imesafika, shangazi. Lakini Kinyonga bado ananikagua."

"Acha akukague," shangazi alisema, akimfuta chenga shavuni. "Mwanangu, kosa la mkono lina tupa yake. Sugua, litaondoka. Uongo hauna tupa. Huo unausafisha kwa kusema kweli leo, na kesho, na keshokutwa, mpaka siku atakaposahau kukuomba pamba."

Cheche aliitoa mfukoni ile pamba ya kwanza, bado nyeupe. Akaiangalia. Kisha akachukua ufagio, na kwa mara ya kwanza akafagia hadi kwenye pembe.