Mkono Chini ya Boti

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Asmaa alimsaidia baba yake, Jamaldin, kupakia magunia ya ndengu kwenye boti. Boti hiyo ilivusha abiria katika bwawa la Kiambere, kutoka upande wa Embu hadi ng'ambo. Injini yake ilipozwa kwa maji ya bwawa, yaliyonyonywa kupitia tundu chini ya boti na kutoka nyuma kwa bomba dogo. Siku hizo maji yalitoka kidogo tu, na injini ilipata moto njiani.

Asubuhi moja Asmaa alifika ufuoni mapema. Alimkuta Elphas, mwenye boti ya pili, amechutama kando ya boti yao, mkono umezama majini hadi begani.

"Hujambo, Asmaa," alisema, akajipangusa na kuondoka.

Asmaa alishikwa na shaka. Injini yao ilipopata moto, abiria walihamia kwa nani? Kwa Elphas. Shuleni alimwendea Gladwell, binti wa Elphas, mbele ya wenzao.

"Baba yako anaharibu boti yetu ili apate abiria."

"Ulimwona akiharibu?"

"Niliona mkono wake chini ya boti. Alikuwa akitafuta nini?"

Kufikia jioni maneno yalikuwa yameenea ufuoni. Watu walimtazama Elphas kwa jicho baya, na yeye hakuikaribia tena boti ya Jamaldin.

Jumamosi Asmaa alivuka pamoja na baba yake. Miongoni mwa abiria alikuwamo mama aliyekuwa akimpeleka mtoto mwenye homa hospitalini. Katikati ya bwawa, bomba halikutoa hata tone. Moshi wenye harufu ya mpira ulitanda. Jamaldin alizima injini, na upepo ukaanza kuwasukuma kuelekea kwenye miamba.

"Elphas amefanya tena," alinong'ona Jamaldin.

Lakini boti iliyowafuata ilikuwa ya Elphas. Alirusha kamba, akawavuta hadi ng'ambo, na yule mama akaharakisha kwenda hospitalini.

Jamaldin aliingiza mkono chini ya boti. Alitoa magugu na mfuko wa plastiki uliochanika.

"Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyatoa asubuhi ile," alisema Elphas. "Tangu niitwe mharibifu, nimekaa mbali."

"Mbona hukuniambia, Baba Gladwell?"

"Nilikuambia uweke chujio. Ukasema baadaye."

Jamaldin akamwomba msamaha.

Wanaume hao wawili walibadilisha gurudumu dogo la mpira linalosukuma maji ndani ya pampu, lililoungua kwa kukosa maji, wakafunga chujio kwenye tundu la kuingizia maji. Asmaa alipewa kazi ya kulisafisha kila asubuhi kabla injini haijawashwa.

Jumatatu alimwendea Gladwell. "Nilikosea. Nisamehe."

"Nimekusamehe," alijibu Gladwell. "Lakini waambie na wale uliowaambia mwanzo."

Asmaa alisimama mbele ya wenzake, akawaambia kwamba Elphas hakuharibu boti yao.

Jioni alimsimulia baba yake. Jamaldin alitikisa kichwa polepole.

"Mimi niliacha kutunza injini, na ningewazamisha watu," alisema. "Wewe ulimhukumu mtu kabla ya kumuuliza. Ukiwa na shaka, mwanangu, nenda kwa mwenyewe umuulize. Mimi pia nilipaswa kufanya hivyo."