Tupo Njiani

Kila Jumatatu baada ya shule, Kijiti alivua sare, akavaa gauni lake la bluu na kujivika utepe wa dhahabu ulioandikwa MALKIA CHIPUKIZI. Jina la Kijiti alipewa na wenzake kwa wembamba wake, na lilimganda hata baada ya kushinda mashindano ya urembo na kuvikwa taji mbele ya mji mzima. Baba yake, fundi wa kuchomelea mageti, hakuacha kumtania alipopita karakanani.

“Mheshimiwa, umekula? Au malkia hawali viporo?”

“Nimekula, baba. Nawahi kwa wazee.”

Aliyeshinda taji hilo alitakiwa kuhudumia watu kwa mwaka mzima. Kijiti alipangiwa makao ya wazee nyuma ya soko. Kazi yake ilikuwa kuwakata kucha, kuwasomea magazeti na kuwasikiliza. Mwanzoni harufu ya dawa na mablanketi ilimshinda. Baadaye akazoea, hasa kwa ajili ya mzee mmoja aliyeitwa Dereva. Mzee huyo aliendesha malori miaka arobaini, na mdomo wake haukuwa na breki.

“Haya, Malkia,” alikuwa akisema huku akinyoosha mguu, “fanya kazi. Lakini ukinikata kidole nakushtaki kwa mfalme.”

“Mfalme gani, babu?”

“Si huyu unayemkata kucha? Wewe ulidhani umalkia unatoka wapi?”

Dereva alikuwa na kisukari. Kila asubuhi muuguzi wa makao, mama wa maneno machache, alimchoma sindano ya insulini, kisha akamsimamia mpaka ale. Siku moja Kijiti aliuliza kwa nini mtu mzima asimamiwe kama mtoto.

“Dawa hii inashusha sukari mwilini,” muuguzi alimjibu. “Mtu akichomwa asipokula, sukari inashuka kupita kiasi. Anazimia. Anaweza kufa.”

Kijiti aliitikia kwa kichwa, akaendelea na kucha.

Sikukuu ikafika. Siku za sikukuu jiko la makao halikuwashwa. Huo ulikuwa utaratibu wa miaka mingi. Wageni ndio walioleta chakula, na mkuu wa makao hakutaka wawakute wazee wameshiba. Wazee waliogeshwa mapema, wakavishwa nguo safi, wakapangwa barazani kwenye viti vya plastiki. Safari hii mgeni alikuwa Malkia Chipukizi, na alitarajiwa saa tatu asubuhi pamoja na masufuria ya chakula.

Lakini mratibu wa mashindano, mama mwenye haraka zake, alitaka wapitie kwanza duka jipya la fanicha.

“Nusu saa tu,” alisema. “Unatabasamu, tunaondoka.”

Dukani kulikuwa na muziki, maputo na foleni ya watu waliotaka kupiga picha na Malkia. Masufuria yalibaki garini. Nusu saa ikazaa saa nzima. Mratibu alikuwa jukwaani akishukuru wenye duka, na Kijiti alikuwa amemshikia mkoba, simu ilipoita ndani yake. Kijiti akaipokea. Alikuwa muuguzi.

“Malkia, mko wapi? Sindano ya Dereva imeshachelewa. Sitaki kumchoma kabla sijajua chakula kinafika saa ngapi.”

Kijiti aliitazama foleni. Watu kama ishirini walikuwa bado wanasubiri. Alijua fika kwamba hawajatoka. Lakini aliona aibu kusema hivyo, na jibu lilikuwa tayari ulimini, lile ambalo watu hulitoa huku bado wanatafuta viatu.

“Tupo njiani, mama. Dakika kumi tu.”

“Basi namchoma,” muuguzi akasema, akakata simu.

Kijiti aliyasikia maneno hayo vizuri sana. Alisimama ameishika ile simu. Kisha mtu akapaza sauti, “Malkia, tazama huku!” naye akairudisha mkobani, akatabasamu. Simu iliita tena mara mbili. Muziki ukaimeza.

Foleni iliongezeka badala ya kupungua, wakafika makao saa saba mchana. Wazee wengi walikuwa wamesinzia. Dereva alikaa mwisho wa mstari, kofia imemfunika macho.

“Mwache ajipumzishe,” jirani yake alisema. “Kasema tumwamshe Malkia akija.”

Kijiti alimshika mkono. Ulikuwa wa baridi, umelowa jasho. Kando ya kiti kulikuwa na kikombe cha chai ya sukari, kimejaa mpaka juu. Muuguzi alikuwa amekileta alipoona hakuna gari linalotokea. Kabla mzee hajanywa, bibi mmoja akaanguka bafuni, muuguzi akakimbilia huko. Waliobaki barazani walidhani mzee amelala.

“Babu! Babu, nimefika!”

Babu hakufumbua macho.

Hospitali walimpandisha sukari, na baada ya siku kumi na mbili wakamrudisha makao. Alikuwa hai. Lakini ubongo wake ulikaa bila sukari kwa muda mrefu, na hasara hiyo haikuwa na dawa. Hakuongea. Hakumjua mtu. Ukimwekea uji mdomoni alimeza. Usipomwekea, alitazama ukuta.

Mkuu wa makao aliitisha kikao ofisini kwake. Alikuwa ameshaamua kumfukuza muuguzi kwa kumchoma mgonjwa sindano ya insulini bila chakula.

“Niliambiwa chakula kipo njiani,” muuguzi alisema.

“Uliambiwa na nani?” mratibu aliruka. “Mimi sikupokea simu yoyote!”

Alikuwa anasema kweli, ila macho yake yalikuwa kwa Kijiti. Nje, kabla ya kuingia, Kijiti alipomweleza kuhusu ile simu, alikuwa amemnong'oneza, “Nyamaza tu, mwanangu. Ukifungua mdomo, taji linaondoka, na mzee harudi hata ukisema.”

Baba yake Kijiti alikaa pembeni na nguo zake za kazi, hajui lolote. Kijiti alimtazama muuguzi. Mama yule alikuwa ameshavua kitambulisho chake na kukiweka mezani. Hakumwomba mtu kitu. Hata Kijiti hakumtaja.

“Ni mimi,” Kijiti alisema. “Nilipokea mimi. Aliniuliza mko wapi, nikasema tupo njiani. Hatukuwa njiani. Akaniambia basi namchoma. Nilisikia.”

Baba yake aliinamisha kichwa, akasema polepole, “Ee mwanangu.”

Muuguzi alirudishiwa kitambulisho. Utaratibu ukabadilishwa: sikukuu au siku ya kawaida, mgeni aje asije, jiko linawashwa asubuhi. Taji lilikwenda kwa msichana aliyeshika nafasi ya pili. Shuleni wenzake walimwita Kijiti “Malkia Mstaafu” kwa wiki mbili, kisha wakachoka.

Jumatatu ya kwanza baada ya kikao kile, Kijiti alikwenda makao na sare yake ya shule. Alimkuta muuguzi akimlisha Dereva barazani.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Kaa.”

Alikaa. Uji ulimtiririka mzee kidevuni, muuguzi akamfuta.

“Atapona?”

“Hapana.”

Kijiti alianza kulia. Muuguzi hakumbembeleza.

“Kazi yangu umeiokoa, nakushukuru,” alisema. “Wengi wangenyamaza. Lakini huyu hukumwokoa, na mimi pia nina sehemu yangu, sitakudanganya. Sasa nisikilize. Ungeniambia hamjatoka, ningekasirika, halafu ningewasha jiko. Uji unaiva kwa robo saa. Ukweli wako ungeniudhi, basi. Uongo wako ulinifunga mikono. Mtu akikuuliza uko wapi, usimpe jibu la kumfurahisha. Mwambie ulipo, ajue la kufanya.”

Alimpa bakuli na kijiko. Kijiti alimlisha mzee mpaka uji ukaisha. Mzee hakumtazama hata mara moja.

Wakati wa kuondoka, muuguzi aliuliza, “Kesho unakuja kunisaidia?”

Kijiti alitamani kusema ndiyo. Neno lilikuwa jepesi, na uso wa muuguzi ulikuwa umechoka.

“Kesho siji,” alisema. “Tuna mtihani mpaka jioni. Nitakuja Alhamisi saa kumi.”

“Haya,” muuguzi akasema. “Basi kesho nitatafuta mtu mwingine wa kumlisha.”