Takwimu za Bure

Siku shule zilipofunguliwa, Barabara ya Mburu Gichua ilijaa wazazi na masanduku ya bati, na mvua ilipoanza Nasimiyu alikimbilia ndani ya duka la vitabu lililokuwa karibu. Gauni lake la njano lilikuwa limemganda miguuni. Mwenye duka, kijana mrefu mwenye sweta ya kijivu, alimtazama kisha akamnyooshea kitabu cha takwimu.

"Wewe ni wa mwaka wa kwanza chuoni, si ndiyo? Hiki ndicho mwalimu wenu anataka."

"Mwalimu wao ni mimi," Nasimiyu akasema.

Kijana, aliyeitwa Kiprugut, alicheka mpaka wateja wakageuka. Mvua ilikatika, Nasimiyu hakuondoka. Kufikia Pasaka walikuwa wapenzi. Kila akifunga duka Kiprugut alimpigia simu, akamwita Mwalimu wangu, naye Nasimiyu akajifanya kumkaripia ili amsikie akicheka.

Kitabu kile ndicho kilichomlisha Kiprugut. Wanafunzi wa Nasimiyu walikinunua kila muhula. Wasiojiweza walisomea nakala zilizofifia, wakafeli. Hilo lilimuuma Nasimiyu tangu zamani. Mwaka huo akapata mtandaoni kitabu kizuri cha takwimu ambacho waandishi wake walikuwa wamekitoa bure, yeyote akisome kwenye simu, akichapishe, hata akibadilishe. Akaongeza mifano ya viazi vya Kuresoi na maua ya Naivasha, akakipeleka kwa idara yake chuoni. Idara ikakubali kitumike badala ya kile cha dukani.

Alikusudia kumwambia Kiprugut jioni hiyo hiyo. Alimkuta akishusha katoni za vitabu vya muhula ujao, mikono ya shati ameikunja, uso umejaa furaha. Akavua viatu vyake vya visigino, akamsaidia kubeba.

Baada ya hapo kila simu alijiambia leo atasema, na kila simu wakazungumza mengine. Wanafunzi ndio waliomwambia Kiprugut, walipoingia kununua kalamu tu. Hakupiga tena, wala hakushika simu. Kabla muhula haujaisha duka lilikuwa na kufuli, na jirani akasema amerudi kwao Keringet kulima.

Nasimiyu alimfuata Jumamosi. Alimkuta shambani, buti zimejaa matope. Akaanza kueleza habari za idara na wanafunzi waliokuwa wakifeli, lakini Kiprugut akamkatiza, bila kupandisha sauti.

"Kitabu ni kizuri. Nimekisoma. Hata mimi ningekichagua. Lakini siku ile ulikuwa unajua, na bado ukabeba katoni."

"Nilikuwa najua."

"Sasa kwa nini?"

"Niliogopa utaniacha. Nikaona heri ufilisike ukiwa bado unanipenda."

Alipojisikia akiyasema hayo aliona haya, akageuka kwenda zake. Ni mama yake Kiprugut aliyemzuia getini. Mgeni haondoki kwake bila kula.

Mezani mama alimwekea viazi na paja la kuku, akamshukuru kwa kuja mbali hivyo kumwona mwanawe. Kila neno jema lilimchoma. Kisha mama akauliza harusi ni lini.

Kiprugut alikuwa ameingia kutoka shambani, akavuta kiti.

"Amenikosea, mama," Kiprugut akasema. "Nikimaliza kukasirika, nitakuambia tarehe."