Rili Mbili Mtoni Kagera

Ukingo ulianza kutembea saa tano asubuhi.

Kokugonza alikuwa amesimama ndani ya mtumbwi, fimbo ya kuvulia mkononi, akirusha mshipi kuelekea upande wa wazi wa ziwa, alipoona mti mkavu uliokuwa kulia kwake umehamia kushoto. Alidhani mtumbwi umegeuka. Haukuwa umegeuka. Mafunjo ambayo mjomba wake alikuwa ameufungia mtumbwi, akidhani yameota kwenye nchi kavu, yalikuwa yamekatika, na sasa yalielea kuelekea mtoni, mapana kama uwanja wa mpira.

"Mjomba, tunakwenda."

"Tunakwenda wapi na wewe hujamaliza kupunga fimbo yako?" Elipidius alijibu bila kuinua kofia usoni.

Upepo ukamjibu kabla ya Kokugonza. Ulishuka kutoka vilima vya ng'ambo, ukayalaza mafunjo, na mvua ikaja nyuma yake kama pazia. Elipidius aliruka, akakata kamba kwa panga, lakini walikuwa wamechelewa. Kipande kingine cha mafunjo kilikuwa kimewafunga kwa mbele. Mtumbwi ukabanwa katikati, ukapiga kisiki kilichojificha majini, na ubao wa ubavuni ukapasuka. Kafi moja lilivunjika, la pili likachukuliwa na maji. Kisiki hicho hicho kilimpasua mjomba muundi wa mguu wa kushoto.

Walipanda juu ya mafunjo, wakauvuta mtumbwi nyuma yao, wakizama hadi magotini kila hatua. Alasiri kisiwa kile kilitoka ziwani, kikaingia mto Kagera, kikateremka nao taratibu, kisha kikanasa kwenye visiki katikati ya maji. Kushoto maji, kulia maji. Viboko walikuwa wakikoroma karibu, hivyo hapakuwa na wa kufikiria kuogelea.

Yote haya kwa sababu ya rili, lile gurudumu dogo linalofungwa kwenye fimbo na kukunjiwa mshipi.

Kokugonza alizaliwa Kamuli, kwenye migomba na mibuni, lakini mwaka huu alikuwa ametimiza miaka minane kisiwani Mafia. Alianzia jikoni kwa mwenye boti za kuvulisha wageni, akahamia botini, akajifunza kurusha chambo cha manyoya vizuri kuliko wanaume waliomcheka. Kuanzia Julai angeongoza wageni peke yake. Alipopewa likizo, tajiri wake alimkabidhi rili mbili. "Kazijaribu huko kwenu. Ijumaa niambie ipi inafaa baharini. Utakayochagua ndiyo nitakayonunua kwa boti zote."

Moja ilikuwa ya rangi ya fedha, nyepesi, ikizunguka kwa mlio mtamu. Nyingine ilikuwa nyeusi, nzito, mbaya kama sufuria iliyoungua, breki yake imefungiwa ndani isiingie chumvi wala mchanga. Moyoni Kokugonza alikuwa ameshachagua ya fedha. Alitaka tu kujiridhisha.

"Lete mguu," alisema. Alichana kitenge chake, akakifunga kidonda na kukaza.

"Pole pole."

"Nikifunga pole pole damu haitasimama."

"Kinga mvua kwenye dumu. Maji haya usiyanywe, yana mizoga."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao hadi giza likaingia. Simu ya Kokugonza ilikuwa imelowa, ya mjomba ilikuwa imebaki nyumbani kwenye chaji. Walilala wameketi, mgongo kwa mgongo, wakiumwa na mbu.

Asubuhi mguu wa Elipidius ulikuwa umevimba, na hasira za Kokugonza nazo.

"Umezaliwa hapa. Umevua hapa miaka arobaini. Unafungaje mtumbwi kwenye mafunjo yanayoelea?"

"Nani alitaka kufika kule mbali? Mimi nilikuambia tuvue pale kivukoni. Ukasema fimbo yako inataka nafasi."

Lililomuuma Kokugonza zaidi ni kwamba alikuwa ameyaona yale mafunjo yakitikisika tangu saa nne. Aliyaona, akanyamaza, kwa kuwa ile rili ya fedha ilikuwa inaimba vizuri mkononi mwake na hakutaka kuacha.

"Niliyaona yakitikisika, mjomba," alisema. "Sikukuambia."

"Basi tumekuwa wajinga wawili," Elipidius alisema. "Tazama kule."

Chini kidogo, mahali mto unapopinda, palikuwa na ncha ya ardhi ngumu iliyoingia majini. Mwanamke mmoja alikuwa anakata mafunjo ya kusukia mikeka. Walipiga kelele mpaka koo zikakauka. Mwanamke akasimama, akapunga mkono, akaita kwa Kinyambo kwamba hana mtumbwi, na wa karibu uko mwendo wa nusu siku.

"Tuteremke na maji," Kokugonza alisema. "Yanapita karibu naye."

"Bila kafi? Yanapita karibu, halafu yanarudi katikati. Tutampungia mkono tukipita, na mtumbwi unaingiza maji. Hatufiki mbali."

Kokugonza akaitazama fimbo. Alikunywa maji yaliyobaki pamoja na mjomba, akafunga dumu tupu kwenye ncha ya mshipi, akaliachia. Dumu liliteremka likiyumba, rili ya fedha ikaimba, na kwa mara ya kwanza tangu jana akatabasamu. Kisha mlio ukakatika. Uzi wote ulikuwa umekwisha. Dumu lilisimama katikati ya mto, likipigwa na maji, na lilikuwa halijafika hata nusu ya njia.

Akaanza kukunja. Mkono wa rili ukazunguka mara tatu, ukakwama. Mchanga wa jana ulikuwa umeingia kwenye breki. Akalazimisha, akasikia kitu kikipinda ndani, na uzi ukakatika. Dumu likaondoka zake.

Alitamani kuitupa ile rili mtoni. Aliing'oa kwenye fimbo, akaiweka chini, akakaa juu ya mafunjo yaliyolowa.

"Hiyo nyingine ina uzi kiasi gani?" mjomba aliuliza.

"Mita mia mbili na hamsini."

"Sasa umekalia nini?"

Walifunga tita la mafunjo, wakalivika kipande chekundu cha kitenge. Rili nyeusi haikuimba. Uzi ulitoka kimya, mita kwa mita, Kokugonza akiuzuia kwa breki kidogo tita lisipinduke. Lilipofika kwenye ncha, yule mwanamke aliingia majini hadi kiunoni, akalinasa kwa mti mrefu. Mjomba akamwelekeza kwa sauti iliyobaki: azungushe mshipi kwenye shina la mti mara nyingi, afunge, asiuvute.

Wakasukuma mtumbwi majini. Elipidius alichota maji kwa kofia. Maji yakawachukua, mshipi ukalegea, na Kokugonza akakunja mpaka kiganja kikachubuka. Wakaipita ile ncha kwa hatua kumi tu. Mto ukaanza kuwarudisha katikati, kama mjomba alivyosema.

Mshipi ukakaza.

Fimbo ikapinda hadi majini. Alijua uzi mwembamba vile haungestahimili kuusimamisha mtumbwi ghafla. Akalegeza breki kidogo. Rili ikatoa uzi, taratibu, bila kushtuka, kama inavyopaswa kumpa samaki kolekole anayekimbilia mwambani. Baharini alikuwa akishika fimbo upande huu siku zote. Leo alijua samaki anasikiaje.

"Unakatika?"

"Bado. Chota maji."

Akakaza kidogo. Akasubiri. Akakaza tena. Pua ya mtumbwi ikageuka, ikaelekea ukingoni, na maji yale yale yaliyokuwa yakiwapeleka yakaanza kuwasukuma pembeni, mpaka mtumbwi ukaingia matopeni ukiwa umejaa nusu.

Yule mwanamke alikuja akikimbia. Aliitwa Umutesi. Alimshika Elipidius kwapani, akamwamkia shikamoo huku akimburuta kutoka majini, na mjomba akaitikia marahaba akiwa amelala kifudifudi.

Kwake walipewa uji, na kijana wake wa bodaboda akampeleka mjomba zahanati. Mguu ulishonwa nyuzi kumi na moja. Ijumaa, wakiwa bado kwa Umutesi, Kokugonza aliazima simu yake, akampigia tajiri.

"Nyeusi," alisema.

"Wageni watapenda ile ya fedha. Ina sura."

"Wanunulie hao wageni wakapigie picha. Botini kwangu itapanda nyeusi."

Miaka minane hakuwahi kumjibu hivyo.

"Sawa," tajiri alisema mwishowe. "Boti ni yako."

Elipidius alikuwa amelala kitandani, mguu juu ya mto, akisikiliza. Alinyoosha mkono apewe ile rili nyeusi, akaizungusha polepole karibu na sikio.

"Haisemi kitu," alisema.

"Haisemi, mjomba."

Akaishikilia hivyo kwa muda mrefu, wala hakuiachia mpaka usingizi ulipomchukua.