Siku Mzee Severin Aliposema

Kila asubuhi Catherine alimwogesha baba yake, Mzee Severin, na kumlisha uji. Kisha alikwenda kushona nguo sokoni Mwembesongo. Mzee alikuwa amepooza upande wa kulia. Tangu apate kiharusi, mwaka mzima, hakuwa ametamka neno.

Siku moja Catherine aliona kidonda mgongoni mwa baba yake. Alishtuka. Akamwita Witness, afisa ustawi wa jamii wa kata.

"Shikamoo, mzee," Witness alisalimia. Akamgeuza polepole, akamtazama. "Dada Catherine, kidonda hiki ni cha kulalia mgongo muda mrefu. Mzee ageuzwe kila baada ya saa mbili. Kesho tumpeleke kituo cha afya."

"Matibabu nitayaweza wapi mie?"

"Serikali ina sera ya wazee. Mzee wa miaka sitini na kuendelea, asiye na uwezo, anatibiwa bure. Nitamwandikisha. Na jirani yako nitamfundisha kumgeuza ukiwa kazini."

"Na mazoezi ya viungo?"

Witness alitikisa kichwa. "Hapa kwetu hayapo. Hayamo kwenye mpango wa kata. Lakini Jumamosi kuna mkutano wa mtaa wa kupanga mambo ya mwakani. Njooni mseme."

"Baba hasemi, dada."

"Aje hivyohivyo. Sera inataka wazee washirikishwe. Msipofika, itabaki kwenye karatasi tu."

Jumamosi walimpeleka kwa bajaji. Catherine alisimama kueleza, akakwama. Hapo ikasikika sauti nzito nyuma yake.

"Tu... tunataka... kusimama."

Alikuwa baba yake. Mwenyekiti alivua kofia. Katibu aliandika maneno yale kama yalivyo. Catherine alilia mbele za watu, wala hakuona haya.

Maombi ya mazoezi yalipanda hadi halmashauri, yakakataliwa mara ya kwanza, yakapelekwa tena, yakakubaliwa. Kidonda cha mzee kilikuwa kimepona zamani mtaalamu wa mazoezi alipoanza kuja kituoni kila Alhamisi.

Siku ya kwanza wazee walifika kwa bajaji, kwa toroli, wengine migongoni mwa watoto wao. Kumi na saba.

"Wote hawa wametoka wapi?" Catherine aliuliza.

"Mtaa wako," Witness alijibu.

Catherine alishika mdomo. Alidhani ni baba yake peke yake. Mzee Severin alinyoosha mkono wa kushoto, akaanza kuwasalimia wenzake, mmoja mmoja.